Arthur Ashe: Bingwa Aliyeitawala Hasira, Fedha na Sifa

Arthur Ashe alikuwa mchezaji tenisi wa Marekani aliyetwaa mataji matatu makubwa ya mchezaji mmoja mmoja: mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1968, ya Australia mwaka 1970, na Wimbledon nchini Uingereza mwaka 1975. Hadi leo hakuna mwanamume mwingine mweusi aliyelitwaa hata moja kati ya hayo matatu. Lakini heshima anayopewa haitokani na vikombe peke yake. Inatokana pia na jinsi alivyoishi na hasira, fedha na sifa. Yote matatu aliyaona kuwa nguvu zinazomtawala mtu asiyejua kuzitawala, na zinazoweza kuwafaa wengi zikishikwa vizuri.

Utulivu uliofundishwa

Ashe alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 mjini Richmond, jimbo la Virginia, wakati sheria za kusini mwa Marekani ziliwatenga weusi na weupe shuleni, katika mabasi na viwanjani. Mama yake alifariki mwaka 1950, Arthur akiwa na miaka sita. Baba yake, mtu wa nidhamu kali, alikuwa msimamizi wa Brook Field, bustani ya michezo iliyotengewa weusi, na familia iliishi humo humo. Viwanja vya tenisi vilikuwa hatua chache kutoka mlangoni.

Alipokua kidogo alianza kupelekwa Lynchburg wakati wa kiangazi, kwa Robert Walter Johnson, daktari mweusi aliyefundisha vijana weusi tenisi nyumbani kwake. Kabla yake daktari huyo alikuwa amemlea kimchezo Althea Gibson, bingwa wa Wimbledon wa mwaka 1957 na 1958. Masharti ya nyumba hiyo yalikuwa magumu kwa mtoto. Mchezaji hakuruhusiwa kubishana na mwamuzi wala kuonyesha ghadhabu. Mpira wa mpinzani ukidondoka nje kidogo ya mstari, alitakiwa auhesabu kuwa umeingia. Daktari Johnson alijua kwamba mashindano ya weupe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kuwafungulia weusi mlango, na kijana mmoja akifoka mara moja tu, mlango huo ungeweza kufungwa kwa wote.

Kwa hiyo watu waliomwona Ashe baadaye na kudhani alizaliwa mpole walikosea. Hasira alikuwa nayo, na sababu za kuwa nayo zilikuwa nyingi. Alichofunzwa ni kuisubirisha.

Faida ya mafunzo hayo ilionekana wazi katika fainali ya Wimbledon ya mwaka 1975. Mpinzani wake, Jimmy Connors, alikuwa na miaka 22, bingwa mtetezi aliyedhaniwa hashindiki. Ashe alibakiza siku chache tu kutimiza 32. Isitoshe, Connors alikuwa amemshtaki mahakamani kwa kumchafulia jina, kwa sababu Ashe alilaumu kukataa kwake kuichezea Marekani katika Kombe la Davis. Badala ya kupambana kwa mipira ya nguvu, ambayo Connors aliipenda, Ashe alimpigia mipira laini, ya chini na isiyo na kasi, mwenzake akakosa nguvu ya kuitumia. Katika mapumziko mafupi alikaa kitini akiwa amefumba macho. Alishinda kwa seti 6-1, 6-1, 5-7 na 6-4, na baadaye kesi ile ikafutwa.

Kuanzia mwaka 1981 hadi 1985 alikuwa nahodha wa timu ya Marekani ya Kombe la Davis, na timu hiyo ilitwaa kombe mwaka 1981 na 1982. Nyota wake alikuwa John McEnroe, mchezaji hodari aliyejulikana duniani kote kwa kuwafokea waamuzi. Ashe alimkemea zaidi ya mara moja. Hata hivyo, katika kumbukumbu zake alieleza kwamba huenda McEnroe alikuwa akiitoa hadharani ghadhabu ambayo yeye mwenyewe aliifungia kifuani miaka mingi. Maneno hayo yanaonyesha kuwa alizijua gharama za utulivu wake.

Fedha: haki kwanza

Mwaka 1968 Ashe alikuwa luteni wa jeshi na mchezaji wa ridhaa, hadhi aliyoilinda ili aendelee kuiwakilisha nchi yake. Alipomshinda Tom Okker wa Uholanzi katika fainali mjini New York, zawadi ya mshindi, dola 14,000, ilikwenda kwa Okker, kwa kuwa kanuni zilimkataza mchezaji wa ridhaa kuipokea. Bingwa aliambulia posho ya dola 20 kwa siku.

Hakulalamika, ila hakuukubali mfumo ule uendelee. Mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wachezaji wa kulipwa, na mwaka 1974 akawa rais wake. Wakati ule viongozi wa vyama vya mataifa ndio walioamua nani acheze wapi, wachezaji wakiwa hawana sauti. Nikola Pilić wa Yugoslavia alipofungiwa mwaka 1973, wachezaji wapatao 80, Ashe akiwemo, waliisusia Wimbledon ili kumtetea. Kwake, mchezaji alistahili malipo ya jasho lake, na malipo hayo yalipaswa kuwa wazi na kulindwa na mkataba.

Alipata fedha kwa ushindi na kwa kutangaza raketi na bidhaa nyingine, lakini hakuhesabu mafanikio kwa utajiri. Mwaka 1969 alishirikiana na wenzake kuanzisha mpango wa kufundisha tenisi watoto wa mijini wasio na uwezo. Mwaka 1977 aliwaandikia wazazi weusi kupitia gazeti, akiwasihi wawapeleke watoto maktaba kuliko kuwaaminisha kuwa michezo itawatajirisha wote, kwa sababu wanaofika kileleni ni wachache mno. Kisha akafanya utafiti wa miaka kadhaa na kuchapisha, mwaka 1988, historia ya wanamichezo weusi wa Marekani katika juzuu tatu.

Sifa na mzigo wake

Ashe aliamini kwamba jina kubwa ni deni. Mwaka 1970 alizuru Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine za Afrika pamoja na mchezaji mwenzake Stan Smith. Mwaka uliofuata, mjini Yaoundé, Kamerun, aliona kipaji cha mtoto wa miaka 11, Yannick Noah, akatoa taarifa Ufaransa. Noah alikwenda kulelewa kimchezo huko, na mwaka 1983 akawa bingwa wa mashindano ya wazi ya Ufaransa.

Uamuzi uliomletea lawama zaidi ulihusu Afrika Kusini. Baada ya kunyimwa viza, aliruhusiwa kucheza huko mwaka 1973, kwa sharti lake kwamba watazamaji wasitengwe kwa rangi. Wanaharakati wengi walimshutumu kwa kuupa utawala wa makaburu heshima usiyostahili. Aliwasikiliza, na baadaye akawa mtetezi wa kususia nchi hiyo. Mwaka 1985 alikamatwa katika maandamano mbele ya ubalozi wa nchi hiyo mjini Washington.

Sifa ilimwelemea zaidi katika ugonjwa. Alipata mshtuko wa moyo mwaka 1979, akafanyiwa upasuaji wa moyo mara mbili, na katika ule wa 1983 akaongezewa damu iliyokuwa na virusi vya UKIMWI. Aligundua mwaka 1988 na kuitunza siri hiyo pamoja na familia na marafiki wachache. Aprili 1992, gazeti moja lilipokuwa likifuatilia habari hizo, alilazimika kuzitangaza mwenyewe, na alisema wazi kwamba faragha yake imevunjwa.

Baada ya hapo aliitumia miezi iliyobaki bila kujihurumia. Alianzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI, akakamatwa tena alipoandamana kuwatetea wakimbizi wa Haiti mbele ya Ikulu ya Marekani, na tarehe 1 Desemba akahutubia Umoja wa Mataifa. Alipoulizwa kama UKIMWI ndio mzigo mzito kuliko yote aliyoibeba, alijibu kuwa kuishi akiwa mweusi nchini Marekani kulikuwa kuzito zaidi. Alifariki tarehe 6 Februari 1993, akiwa na miaka 49. Uwanja mkuu wa mashindano ya wazi ya Marekani, uliofunguliwa mwaka 1997, una jina lake.