Kufungua Ubao wa Mlango wa Motokaa Pasipo Kuvunja Vibanio

Katika sehemu za Meru na Embu motokaa si kitu cha ajabu tena. Mkulima wa chai wa Runyenjes, mchuuzi wa miraa wa Maua na karani wa mjini Embu, wote huitegemea katika shughuli zao. Lakini wengi wa wenye motokaa hawajapata kuona kilichomo ndani ya mlango waufungao kila siku. Siku dirisha linapokwama au kitasa kinapokataa, ndipo hasara huanza. Na mara nyingi hasara kubwa haitokani na dirisha wala kitasa, bali hutokana na mkono wa yule aliyeufungua mlango kwa nguvu.

Ubao wa ndani wa mlango, ambao mafundi huuita paneli, haukupigiliwa misumari. Umeshikwa kwa skrubu chache zilizofichwa, na kwa vibanio vidogo vya plastiki viitwavyo klipu, vilivyopangwa ukingoni. Klipu ina shingo nyembamba, na kichwa chake hubonyea kinapopita katika tundu la bati, kisha hutanuka upande wa pili. Ndiyo sababu huingia kwa wepesi na kutoka kwa shida.

Motokaa nyingi za sehemu hizi zimetoka Japani zikiwa zimekwisha tumika. Kanuni ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini likiisha kufika huendelea kutumika miaka mingi. Jua hukausha plastiki, na baridi huifanya iwe kavu kama kijiti. Basi fundi wa Timau aanzaye kazi alfajiri, hali baridi ya Mlima Kenya haijaondoka, huvunja klipu ambazo saa sita mchana zingalitoka nzima. Yafaa angoje jua liupashe mlango joto, au akandike ukingo wa ubao kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa.

KABLA YA KUVUTA

Jambo la kwanza ni kutoa waya wa upande hasi wa betri na kungoja dakika tano. Magari mengi ya siku hizi yana mifuko ya hewa ya kuokoa maisha wakati wa ajali. Palipoandikwa herufi SRS, hasa kwenye nguzo za pembeni na ubavuni mwa viti, asiguse mtu asiyejifunza kazi hiyo, kwa maana mfuko ukifumuka ghafula waweza kumjeruhi vibaya.

Jambo la pili ni kutafuta skrubu. Hujificha ndani ya kishikio cha kuvutia mlango, nyuma ya kifuniko kidogo karibu na kitasa, na pengine chini ya ubao. Ubao ukikataa kutoka mahali pamoja wakati pengine pamelegea, hiyo ni dalili ya skrubu iliyosahauliwa. Asiongeze nguvu, aangalie tena. Gari likiwa na mkono wa kuzungushia dirisha, nyuma yake mara nyingi mna waya uliopindwa mfano wa kwato ya farasi. Kitambaa kikipitishwa nyuma ya mkono huo na kuvutwa huku na huku, waya huo huchomoka.

KUTOA UBAO

Bisibisi ya chuma haifai kwa kazi hii. Hukwangua rangi, na palipokwanguka kutu huingia. Kifaa bora ni kabari ya plastiki. Akiikosa, kijiti kigumu kilichochongwa bapa na kuzungushiwa kitambaa chatosha. Aanze pembe ya chini. Aingize kabari, aisogeze mpaka iguse klipu, ndipo ainue hapo hapo kando ya shingo yake. Hili ndilo shina la kazi yote: nguvu iwekwe karibu na klipu, wala si katikati ya klipu mbili, kwa sababu hapo ubao hupindika na kupasuka.

Zote zikiisha kutoka, ubao hauvutwi kwa nje. Katika magari mengi ukingo wa juu umening'inia kwenye bati karibu na kioo, hivyo huinuliwa juu. Asiuachilie uanguke, kwani umefungwa kwa nyaya za vibonyezo vya madirisha na kebo za kitasa. Kila plagi ina ulimi wa kubonyeza. Abonyeze ulimi na kushika plagi yenyewe, asivute nyaya.

Nyuma ya ubao kuna karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi. Wengine huichana na kuitupa wakidhani ni takataka. Kumbe ndiyo izuiayo maji ya mvua yapitayo ndani ya mlango yasiingie garini. Aliyeitupa atatambua mvua ya Machi ifikapo, atakapokuta zulia limelowa, linanuka, na sakafu chini yake imeshika kutu.

KURUDISHA

Kwanza hukaguliwa klipu zote. Iliyobaki katika bati itolewe kwa koleo na kurudishwa mahali pake kwenye ubao. Iliyovunjika inunuliwe nyingine, akienda dukani na ile ya zamani mkononi ili azilinganishe, kwa kuwa tofauti ya milimita moja yatosha kuifanya ilegee.

Nailoni ibandikwe vizuri, kebo na plagi zirudishwe zote, kisha betri iunganishwe na dirisha na kitasa vijaribiwe kabla ya kufunga. Ndipo ubao uning'inizwe juu, kila klipu ielekezwe katika tundu lake, na kupigwa kwa kiganja mpaka mlio wake usikike. Isiyoingia isipigwe nyundo. Imepinda, nayo haina budi kunyoshwa kwanza. Skrubu hufungwa mwisho, bila kukazwa kupita kiasi.

Fundi afanyaye hivi hutumia labda nusu saa zaidi ya mwenzake. Lakini gari lake likienda toka Embu kupitia Chuka na Nkubu mpaka Meru, mwenyewe hatasikia mlango ukigonga njiani, wala hatarudi kudai fedha zake.