Jela za Korea ya kale: mahabusu ndiye aliyemlisha mlinzi

Wapenzi wa tamthilia za Kikorea wanaijua picha hii: mtu mwenye nguo nyeupe zilizochakaa, nywele timtim, kaketi juu ya majani makavu nyuma ya nguzo za mbao, shingoni kavishwa ubao mrefu mithili ya mkatale. Picha haiko mbali na ukweli. Kosa letu ni kudhani kwamba anatumikia kifungo.

Katika dola ya Joseon, iliyoanza mwaka 1392, adhabu zilikuwa tano: fimbo nyembamba 10 hadi 50, fimbo nene 60 hadi 100, kazi ngumu ya mwaka mmoja hadi mitatu, kupelekwa uhamishoni, na kifo. Kukaa jela tu hakukuwamo. Jela ilikuwa mahali pa kungojea hukumu, na sheria kuu ya 1485 iliweka ukomo wa kungoja: siku 30 kwa kesi kubwa, 20 kwa ya wastani, 10 kwa ndogo.

Wafalme wengine walijali. Sejong, aliyetawala 1418 hadi 1450, aliagiza mahabusu wapewe maji baridi wakati wa joto, waoge, waoshe nywele, na baridi ikiingia watandikiwe majani mazito. Wanawake walitakiwa kutengwa na wanaume.

Lakini amri hizo zilimfikia karani wa wilaya ambaye hakuwa na mshahara. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mtumishi asiyelipwa hula kwa yule aliye mikononi mwake, na hakuna aliye mikononi mwa mtu kama mahabusu.

Aliyeyaeleza haya vizuri kuliko wote ni Jeong Yak-yong, mwanazuoni na afisa wa zamani wa mfalme. Mwaka 1801 alikamatwa katika msako dhidi ya Wakatoliki. Kaka yake mmoja akauawa, mwingine akapelekwa kisiwa cha Heuksando na kufia uhamishoni. Yeye alikaa uhamishoni miaka 18, mingi yake Gangjin, kusini. Mwaka 1818 alikamilisha kitabu cha kuwafunza wakuu wa wilaya kazi, na humo akataja mateso matano ya jela: ubao wa shingoni, kukamuliwa fedha, maradhi, baridi na njaa, na kesi kupigwa kalenda.

Kwenye kukamuliwa ndiko anakoingia kwa undani. Mgeni akisukumwa tu mlangoni, walinzi na wafungwa wakongwe, wanyapara wa siku zile, walimdai ada moja baada ya nyingine: ya kuvuka mlango, ya kujuana sura, ya kuacha ugeni. Asiye na kitu alipata kisago. Chakula kikiletwa na mkewe, kilipitia mikono ileile. Kwa hiyo mkulima aliyeshikwa kwa jambo dogo, ambalo adhabu yake ingekuwa fimbo chache na kurudi shambani, aliweza kuuza shamba lenyewe kabla hajasomewa hukumu. Kwa maoni yangu huu ndio ukatili mkubwa zaidi wa jela zile, kuliko vyombo vya mateso ambavyo kamera huvipenda.

Mageuzi yaliyoanza mwaka 1894 yaliufungua mlango wa kifungo kuwa adhabu kamili. Mwaka 1908, Wajapani wakiwa tayari wameishika nchi mkononi, Seoul ilipata jela kubwa ya kisasa, ile ya Seodaemun. Ilijengwa kwa watu wapatao 500. Baada ya maandamano ya kudai uhuru ya Machi 1919, walisongamana humo watu wapatao 3,000.