Betri haina kosa

Wiki hii naomba tukae kidogo chini ya boneti la gari kuukuu. Najua wako watakaosema kwamba Dar es Salaam ya leo imejaa magari ya Kijapani ambayo hujipima yenyewe kwa kompyuta, kwa hiyo mambo ya Land Rover ya mwaka 1974 ni hadithi za wazee. Lakini magari hayo ya wazee bado yako mitaani, na yako watu wanaokula kwa ajili yake.

Mama yangu mdogo ni mmoja wao. Marehemu baba mdogo alimwachia Land Rover fupi, Series III, ya petroli. Kila Jumamosi alfajiri gari hilo huenda Mkuranga kuchukua mihogo na nazi, na hizo ndizo karo za wajukuu. Mwaka jana likaanza mchezo. Jumamosi unalikuta limezimika kabisa, ukigeuza ufunguo unasikia "tk" na basi. Vijana wa mtaani wakawa wanalisukuma kwa malipo. Fundi wa kwanza akasema betri imekufa. Ikanunuliwa betri mpya. Baada ya wiki mbili, yale yale. Fundi wa pili akasema staata inakula moto mwingi, ikafunguliwa, ikafungwa nyingine. Wiki iliyofuata, yale yale. Ndipo kaka yangu mkubwa alipoitisha kikao cha ukoo akasema maneno ambayo mama mdogo hakuyapenda: liuzwe kwa kilo, kama chuma chakavu. Tukapatana kwamba nipewe mwezi mmoja.

Mimi si fundi. Lakini nilifundishwa umeme kidogo ujanani, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba umeme haufanyi miujiza. Unatoka kwenye betri, unapita njiani, unafanya kazi, unarudi kwenye betri. Ukikosekana, basi ama njia imekatika, ama imegusa pasipotakiwa, ama inapitika kwa shida, ama kuna mahali unavuja. Kubadilisha kifaa kabla hujajua ni lipi kati ya hayo ni sawa na kumeza vidonge vyote vya dukani ukitumaini kimoja kitakuwa cha homa yako.

Nilinunua mita ya umeme, ile ndogo ya bei nafuu yenye waya mwekundu na mweusi. Jumapili jioni, baada ya gari kutoka safari, nikapima betri. Volti 12.6, yaani imejaa. Injini ikiwaka ilisoma 14.1, kwa hiyo alteneta ilikuwa inachaji. Hapo tayari mafundi wote wawili walikuwa wameshindwa mtihani: betri nzima, uchajishaji mzima, na bado Jumamosi gari limekufa. Maana yake kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limelala.

Namna ya kumkamata mwizi wa aina hii ni rahisi, ila inataka uangalifu. Zima kila kitu. Fungua waya wa hasi kwenye betri. Weka mita kwenye kipimo cha ampea 10, kisha unganisha ncha moja kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye waya ulioufungua, ili umeme wote upite ndani ya mita. Usiguse ufunguo wa gari wakati huo, maana staata inavuta mamia ya ampea na mita itaungua. Gari la zamani lisilo na redio wala saa linapaswa kusoma sifuri, au karibu na sifuri. La mama mdogo lilisoma 0.4.

Unaweza kusema, ampea 0.4 ni nini? Zidisha kwa saa 24, unapata 9.6. Siku tano ni 48. Betri yetu ni ya ampea-saa 60. Toka Jumapili hadi Ijumaa ilikuwa inanyonywa karibu yote, na Jumamosi ikawa inashtakiwa kwa kosa la mwingine.

Kawaida ya hatua inayofuata ni kuchomoa fyuzi moja moja huku unatazama mita. Ikishuka, umejua mvujo uko kwenye njia ya fyuzi ile. Nikachomoa zote, mita haikutikisika. Hapa ndipo inapofaa kujua lugha ya nyaya za Kiingereza. Nyaya hizo zilipangwa kwa rangi, na rangi hizo ni kama kamusi. Kahawia hutoka kwenye betri moja kwa moja, hauna ufunguo wala fyuzi. Mweupe huamka ukigeuza ufunguo. Kijani umepita ufunguo na fyuzi, ndio unaolisha vipimo, indiketa na taa za breki. Buluu ni taa kubwa: wenye mstari mweupe ni wa mwanga mkali, wenye mstari mwekundu ni wa mwanga hafifu. Mwekundu mtupu ni taa ndogo. Mweusi ni wa kurudi kwenye bodi, ambao mafundi wetu huuita ethi. Ukiona mahali fundi ameunga kijani na kahawia kwa gundi ya plasta, simama hapo uulize maswali.

Basi kama fyuzi hazihusiki, mvujo uko kwenye kahawia. Na waya mnene wa kahawia unaelekea wapi? Kwenye alteneta. Nikaondoa mita, nikachomoa plagi ya nyuma ya alteneta, nikaifunga kwa gundi ya plasta isiguse chuma, nikarudisha mita. Sifuri.

Ndani ya alteneta kuna dayodi, vidude vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kama mlango wa uwanjani wakati wa mechi: unatoka, hurudi. Dayodi ikichakaa, mlango unabaki wazi kidogo. Mchana injini ikizunguka huoni tofauti, usiku umeme unarudi kinyumenyume kutoka kwenye betri. Na ninyi mnaopenda kuchomoa plagi au waya wa betri injini ikiwa inawaka ili "kuona kama alteneta inafanya kazi", acheni. Ndiyo njia ya haraka ya kuziua dayodi hizo.

Sasa ikabaki spea, na hapo ndipo nilipoumia miguu. Nilizunguka Gerezani na Kariakoo siku mbili. Kila duka naingia na swali lile lile: "Mna alteneta ya Land Rover ya zamani?" Jibu: hakuna, au hiyo hapa, mpya, ndani ya boksi lenye nembo inayofanana na ile halisi lakini herufi moja imekosewa. Siku ya pili jioni nikakuta mzee mmoja amekaa juu ya tairi na makopo yake ya maziwa yaliyojaa vyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umenipita mara tatu toka jana. Unatafuta nini?"

Nikamweleza. Akacheka. "Kumbe unatafuta Lucas. Ungesema Lucas ungekuwa umeshafika nyumbani."

Akanipa darasa ambalo thamani yake ilizidi kile kifaa. Kiwanda cha Solihull kilikuwa kinaunganisha gari, lakini vifaa vya umeme kilinunua kwa wengine, hasa Lucas wa Birmingham, na Lucas huyo huyo akawauzia wenye magari mengine ya Kiingereza. Alteneta za jamii ya ACR zilifungwa pia kwenye Ford Cortina na Morris Marina. Distributa ya Lucas ya aina ya 45D4 utaikuta hata kwenye Mini. Taa kubwa za duara za inchi 7 ni zile zile za Mini na za Land Cruiser za zamani. Kwa hiyo usiulize jina la gari. Futa tope, soma namba iliyogongwa kwenye kifaa chenyewe, uiandike kwenye karatasi uende nayo. Kwa vifaa vya Land Rover yenyewe chukua namba ya chasisi yote, pamoja na ile herufi ya mwisho, maana herufi hiyo ndiyo inayoonyesha mabadiliko ya kiwandani. Ukiwa na namba, hata ukiagiza Uingereza kwa intaneti hutaletewa kitu cha ndugu yake. Na ukiweza, nenda na kifaa kibovu mkononi.

Kwenye kopo la tatu mzee alikuwa na seti nzima ya dayodi. Akaipima mbele yangu kwa balbu na betri ndogo: upande huu inawaka, upande ule haiwaki. Bei yake haikufika robo ya ile alteneta ya boksi. Nilipofunga, mita ikasoma sifuri.

Ningeweza kuishia hapo, lakini Land Rover hiyo ilikuwa na ugonjwa wa pili ambao nadhani uko kwenye nyingi zilizobaki. Ukikanyaga breki usiku, taa ndogo ya upande wa pili inawaka kidogo, na indiketa inapata kigugumizi. Hiyo ni ethi. Land Rover ilianza mwaka 1948, Uingereza ikiwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikawa ya aluminiamu juu ya chasisi ya chuma. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu, tena wa pwani yetu, hulana, na katikati hujitokeza unga mweupe usiopitisha umeme. Umeme ukikosa njia ya kurudi, hupenya kwenye nyuzi za balbu ya jirani. Nikapima: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha taa ya nyuma, taa ikiwaka. Inatakiwa karibu sifuri. Ilisoma volti 3.2, zote zimepotea njiani. Nilisugua kwa msasa, nikavuta waya mweusi mpya kutoka kwenye taa hadi kwenye chasisi, ikashuka hadi 0.1.

Waingereza wenyewe wana mzaha wa kumwita Lucas Mwana wa Mfalme wa Giza. Mimi naona wanamwonea. Nyaya zilizodumu miaka 50 kwenye matope ya Mkuranga zina haki ya kuchoka.

Jambo moja la hatari kabla sijaondoka. Fyuzi za kioo za Kiingereza zilizoandikwa 35 maana yake ni kwamba hukatika kwenye ampea 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni 17 tu. Fyuzi za kisasa zilizoandikwa 35 hubeba 35 muda wote. Ukiiweka hiyo, au karatasi ya sigara kama nilivyoikuta kwenye gari la mama mdogo, waya ndio utakaokuwa fyuzi, na utakatika kwa moto, miguuni pako.

Gari liko Mkuranga kila Jumamosi na kaka hajazungumza tena habari za kilo. Kimebaki kipimo cha mafuta, ambacho pamoja na cha joto husoma zaidi ya ukweli. Vyote viwili hulishwa na kidude kimoja kinachopunguza volti kufikia 10, na hicho bado sijakipata. Mama mdogo anapima tangi kwa kijiti cha mnazi.