Kujifunga kwa Pande Mbili

Watu wengi hudhani kwamba mapatano yakiisha kuandikwa na kutiwa sahihi, basi yamekuwa mkataba. Sheria ya Kiingereza, ambayo Wamarekani nao waliirithi, huuliza jambo moja zaidi: watu hawa walioahidiana, je, kila mmoja amejifunga? Nikikuahidi kukuuzia mahindi yangu yote, nawe ukajibu, "Nitanunua nikipenda," hukuahidi kitu. Wewe u huru. Na kwa kuwa wewe u huru, mimi nami siwezi kushikwa.

Ugumu huanza pale ahadi ya mmoja isipotajwa. Mwaka 1915, huko New York, Lady Duff-Gordon, mtungaji mashuhuri wa mitindo ya nguo, alipatana na bwana mmoja, Otis Wood. (Bibi huyu ni mmoja wa waliookoka Titanic ilipozama mwaka 1912.) Bidhaa iliyotiwa jina lake ilinunuliwa upesi. Basi akampa Wood, yeye peke yake, haki ya kutafuta wenye biashara watakaolipa ili walitumie jina hilo, na faida wagawane nusu kwa nusu. Baadaye bibi akaliweka jina lake kwenye vitambaa, magauni na kofia bila Wood kujua, na fedha akazitia kibindoni. Wood akamshtaki.

Jawabu la bibi lilikuwa la werevu: karatasi haisemi po pote kwamba Wood atafanya kazi yo yote, basi yeye naye hakufungwa. Korti moja ya rufani ilimkubalia. Lakini mwaka 1917 korti ya juu kabisa ya jimbo la New York ilitangua hukumu hiyo, na Jaji Cardozo akaeleza sababu. Haki ile ilikuwa ya Wood peke yake; kama angelala tu, bibi asingepata hata senti moja. Tena Wood aliahidi kutoa hesabu kila mwezi. Hesabu ya nini, kama hakuna kazi? Kwa hiyo ahadi ya kujitahidi imo ndani ya mapatano, ingawa haikuandikwa.

Majaji 4 walikubali, 3 walikataa. Mimi naona wale 4 walihukumu kwa haki, maana wafanya biashara hawaandiki kila neno. Ila jaji hawezi kutia ahadi ambayo karatasi imeikataa waziwazi. Kama ingaliandikwa kwamba Wood atafanya kazi akipenda tu, bibi angalikwenda zake na fedha zake.