Fahamu Jinsi Mkazo wa Uoksidishaji Unavyodhuru Ubongo wa Mtoto Mwenye Ugonjwa wa Kurithi

Ubongo wa mtu mzima ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wake, lakini hutumia takribani asilimia 20 ya oksijeni inayohitajiwa na mwili unapopumzika. Oksijeni hiyo ndiyo inayouwezesha kufikiri, kukumbuka na kuongoza viungo. Hata hivyo, oksijeni hiyo hiyo inaweza kuudhuru ubongo iwapo mwili utashindwa kuidhibiti, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa watoto wanaozaliwa na magonjwa ya kurithi yanayovuruga umetaboli, yaani namna mwili unavyokichakata chakula.

Ndani ya seli, oksijeni hutumika kukigeuza chakula kuwa nishati. Katika kazi hiyo, sehemu ndogo ya oksijeni hugeuka kuwa radikali huru, ambazo ni chembe zisizotulia zinazoshambulia mafuta, protini na vinasaba vya seli. Mwili una kinga dhidi ya chembe hizo, ikiwemo vimeng'enya maalumu, kemikali iitwayo glutathioni, pamoja na vitamini C na E. Pale radikali huru zinapoizidi nguvu kinga hiyo, hutokea hali ambayo wataalamu huiita mkazo wa uoksidishaji.

Ubongo huathirika kwa urahisi kwa sababu umejaa mafuta, ilhali kinga yake dhidi ya radikali huru ni ndogo ikilinganishwa na ya viungo kama ini. Mafuta ya kupikia yakiachwa wazi kwa muda mrefu hupata harufu na ladha mbaya kutokana na kuunguana na oksijeni ya hewani. Mabadiliko ya namna hiyo yakitokea katika utando wa seli za ubongo, mawasiliano kati ya seli hizo huharibika.

Mfano uliochunguzwa kwa muda mrefu ni ugonjwa wa fenilketonuria. Mtoto mwenye ugonjwa huu huzaliwa na hitilafu katika jeni inayoongoza utengenezaji wa kimeng'enya cha ini kinachobadili fenilalanini kuwa tirosini. Fenilalanini ni asidi amino inayopatikana katika vyakula vyote vyenye protini, yakiwemo maziwa ya mama. Kimeng'enya hicho kinapokosekana, fenilalanini hulundikana katika damu na kuingia kwenye ubongo kwa wingi.

Ugonjwa huu hurithiwa pale ambapo wazazi wote wawili wamebeba jeni yenye hitilafu, ingawa wao wenyewe hawaugui. Katika kila ujauzito wa wazazi hao, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa ni asilimia 25. Kwa hiyo, ugonjwa huu si laana, wala hautokani na kosa la mama wakati wa ujauzito. Barani Ulaya hupatikana kwa wastani wa takribani mtoto 1 kati ya 10,000, na ni nadra zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika.

Historia ya ugonjwa huu ilianza na mama mmoja raia wa Norwei, ambaye watoto wake wawili walizaliwa wakiwa na afya njema kisha wakadumaa kiakili. Mama huyo hakuchoka kuwauliza madaktari chanzo cha hali hiyo na cha harufu isiyo ya kawaida iliyotoka kwa watoto wake. Mwaka 1934, Dkt. Asbjørn Følling wa mjini Oslo alitia kloridi ya chuma katika mkojo wa watoto hao, nao ukageuka rangi ya kijani. Uchunguzi wake ulibaini kuwa mkojo ulikuwa na kemikali itokanayo na fenilalanini. Kwa watoto hao wawili ugunduzi ulikuwa umechelewa, kwa kuwa ubongo wao ulikwisha kudhurika.

Matumaini yalipatikana mjini Birmingham, Uingereza, ambako Dkt. Horst Bickel na wenzake walimtengenezea mtoto wa kike wa umri wa miaka 2 chakula chenye fenilalanini kidogo. Mtoto huyo, ambaye hakuweza kusimama wala kutembea, alionesha maendeleo ndani ya miezi michache, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1953. Miaka michache baadaye, Dkt. Robert Guthrie wa Marekani alibuni kipimo kinachotumia matone machache ya damu ya kisigino cha mtoto mchanga, yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu. Kipimo hicho kiliwezesha ugonjwa kutambuliwa kabla ya dalili kujitokeza.

Kwa miaka mingi ilieleweka kuwa fenilalanini nyingi huuzuia ubongo kupata asidi amino nyingine unazozihitaji. Tafiti za baadaye, zikiwemo za wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Rio Grande do Sul kilichopo Porto Alegre, Brazil, zimeonesha kuwepo kwa njia nyingine ya madhara. Katika damu ya wagonjwa zilionekana dalili za mafuta kuharibiwa na radikali huru, huku nguvu ya kinga ikiwa imepungua. Dalili zinazofanana na hizo zimeonekana pia katika magonjwa mengine ya kundi hili, ukiwemo ule unaoufanya mkojo wa mtoto unukie kama sukari iliyoungua.

Aidha, tafiti hizo zimebaini jambo linalohitaji uangalifu katika tiba yenyewe. Mgonjwa wa fenilketonuria hulazimika kuacha nyama, samaki, mayai na maharage, ambavyo ni miongoni mwa vyanzo vya madini ya seleniamu. Madini hayo yanahitajika ili kimojawapo cha vimeng'enya vinavyopambana na radikali huru kiweze kufanya kazi. Hivyo, chakula kinachouokoa ubongo dhidi ya fenilalanini kinaweza, kisipopangwa vizuri, kuipunguza kinga ya ubongo huo huo. Ndiyo maana maziwa maalumu ya wagonjwa hawa huongezwa vitamini na madini, na damu yao hupimwa mara kwa mara.

Hata hivyo, maarifa haya hayamaanishi kuwa vidonge vya vitamini vinaweza kuchukua nafasi ya tiba. Sehemu kubwa ya ushahidi kuhusu virutubisho vya kupambana na radikali huru imetokana na majaribio ya maabara na ya wanyama, na haijathibitishwa kuwa virutubisho hivyo pekee huweza kuulinda ubongo wa mtoto mgonjwa. Mzazi anayeacha mpango wa chakula na kutegemea vidonge anamweka mtoto wake hatarini.

Kinachookoa ni muda. Mtoto akianza tiba katika siku 10 za mwanzo za maisha yake na kuendelea nayo, anaweza kukua, kusoma na kufanya kazi kama wenzake. Akichelewa, madhara mengi hayarekebishiki. Mwanamke mwenye ugonjwa huu naye anapaswa kudhibiti fenilalanini kabla ya kushika mimba na katika kipindi chote cha ujauzito, kwa kuwa kiwango kikubwa humdhuru mtoto aliye tumboni hata kama mtoto huyo hakurithi ugonjwa.

Mzazi anayeona mtoto wake akichelewa kukua kiakili, akipata degedege lisilo na sababu inayojulikana, au akitoa harufu isiyo ya kawaida katika mkojo au jasho, anapaswa kumfikisha kwa daktari mapema na kumweleza iwapo kuna historia ya hali kama hiyo katika ukoo. Mama yule wa Norwei hakuwa mtaalamu wa tiba, lakini swali lake ndilo lililofungua njia kwa watoto wengi waliozaliwa baada ya wake.