Mtoto Anapozidiwa na Hasira

Katika somo la kwanza la Dominika ya 19 ya Mwaka B twamsikia nabii Eliya, amekata tamaa, amekaa chini ya mti jangwani akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Kuulizwa anafanya nini kulikuja baadaye, kule Horebu.

Utaratibu huo watufaa nyumbani. Hapa Gwarama mama hurudi kutoka shambani jioni, maharage bado hayajaiva, na mtoto wa miaka mitatu ajitupa chini akipiga kelele, eti kaka yake amechukua kikombe. Twasema ana kiburi; mara nyingi ana njaa na usingizi. Tena, sehemu ya ubongo izuiayo hasira haijakomaa katika umri huo. Mtoto hujifunza kutulia kwa kutulizwa na mkubwa aliyetulia. Fimbo humnyamazisha, lakini kwa hofu.

Basi tumpakate kwanza. Tumtajie lililomo moyoni mwake: umekasirika kwa sababu ya kikombe. Akitaka kumpiga mwenzake, tumshike mkono, kwani kumhurumia si kumruhusu. Maonyo yangoje ameshakula.

Na mzazi aliyezidiwa mwenyewe? Si aibu. Amkabidhi mtoto kwa baba yake, au bibi, au jirani, akakae nje kidogo mpaka moyo wake utulie, ndipo arudi kumpakata.