Chango Halionekani kwa Utrasaundi

Mwanamke mmoja wa Migato, wilayani Itilima, alinijia hali amefunga katika pindo la khanga yake picha ya utrasaundi ambayo joto la safari lilikwisha kuitia weusi, akaikunjua mezani kwa taadhima kana kwamba ni hati ya shamba, kisha akaniuliza swali ambalo juma lile nilikuwa nimelisikia mara ya nne: "Daktari, wamesema picha ni safi, basi hili si ndilo chango?"

"Mayu," nikamjibu, "chango halimo pichani kwa sababu halimo tumboni."

Jibu lilikuwa kali kuliko alivyostahiki, nami nawiwa maelezo.

Asili ya neno chango ni utumbo, na pia mnyoo, lakini siku hizi limefanywa jina la kila adha iliyo chini ya kitovu cha mwanamke: hedhi iumayo ni chango, mimba isiyoshika ni chango, maumivu ya tendo la ndoa ni chango, hata kiuno kilichochoshwa na palizi ya pamba nacho ni chango. Maradhi yenye asili ishirini mbalimbali hayaponywi kwa unga mmoja wa mizizi, na muuzaji analijua hilo vema, ndiyo maana dozi yake haina mwisho. Waovu zaidi ni wale wauzao vifurushi vya kuweka ukeni ili "kusafisha kizazi", ilhali kizazi hujisafisha chenyewe kwa hedhi, na uke una bakteria wake walinzi ambao vifurushi hivyo huwaangamiza. Ule ute mzito wenye vipande vyeupe utokao siku ya tatu, ambao mteja huambiwa ni uchafu wa miaka mingi, ni ngozi laini ya uke wake mwenyewe iliyobabuka, ikichanganyika na mabaki ya dawa. Nimewapima wanawake wenye vidonda mahali ambapo kabla ya tiba hiyo hapakuwa na hata mwasho, na kila mmoja alikuwa amelipa fedha ili avipate.

Ama picha safi, maana yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Utrasaundi huona vema kitu chenye umbo: uvimbe wa ovari, fibroidi, mrija uliojaa maji, ukuta wa kizazi ulionenepa kwa adenomiosi. Walakini endometriosi, yaani tishu mfano wa utando wa ndani wa kizazi inayoota nje ya kizazi, ambayo Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, aghalabu hutandaa kama madoa membamba yasiyotofautika pichani. Na kichocho cha via vya uzazi, ambacho katika nchi yetu hii ya malambo na majaruba ya mpunga ni taksiri kutokifikiria, huonekana kama chembe za mchanga kwenye mlango wa kizazi, kwa jicho la mpimaji wala si kwa mashine. Kinyume chake, fibroidi ndogo isiyo na hatia huonekana upesi ikashitakiwa bure.

Mwanamke yule nilimpima upya kwa utrasaundi ya njia ya uke, nikisukuma taratibu na kuuliza kila mahali, "Hapa ndipo?", hata nikaona kwamba kizazi chake hakitelezi juu ya utumbo kama ipasavyo, bali vimegandamana, na mwendo, au ukosefu wa mwendo, hauwezi kukaa katika karatasi iliyofungwa pindoni.

Basi, kwa ufupi: maumivu yakipita miezi 6, andika siku zake pamoja na siku za hedhi, peleka mkojo uliotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana upimwe kichocho, ambacho dawa yake ni prazikwanteli, pimwa magonjwa ya zinaa pamoja na mume, kwa kipimo cha utrasaundi cha juu ya tumbo njoo kibofu kimejaa, kwa cha ukeni kiwe kitupu, dawa za maumivu na vidonge vya homoni hujaribiwa hata picha ikiwa safi, visiposaidia, omba rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Na maumivu yaliyozuka ghafla ilhali hedhi imechelewa, hayo usiyaandike popote: panda pikipiki usiku huo huo uende hospitali, kwani yamkini mimba imetunga nje ya kizazi.